Sekunde Kumi na Moja za Mwamvita

Kina mama wenzangu, naandika kuwaonya. Kama una mtoto nyumbani, na mtoto ana simu, na simu ina intaneti, mwache asikilize miziki ya matusi. Mwache atafute mchumba wa ng'ambo. Mwache hata abashiri matokeo ya mpira. Lakini siku utakayomkuta anatazama filamu za zamani, zima umeme umwite shangazi yake. Filamu za zamani zina watu ndani. Mimi sikujua. Niliishia darasa la saba, na darasa la saba hilo hatukufundishwa.

Jina la nchi yetu silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, na kibali hutolewa Alhamisi isiyo sikukuu, na serikali yetu kwa kutupenda imefanya kila Alhamisi kuwa sikukuu. Ila ni nchi nzuri. Tuna Wizara ya Maoni. Nasikia nchi nyingine raia wanahangaika wenyewe kutafuta la kufikiri, masikini. Sisi kila Januari tunapanga foleni ofisi ya kata na kupewa maoni ya mwaka mzima, yamepigwa muhuri. Mwaka ninaousimulia tulipewa "Barabara zinapendeza." Mwaka uliotangulia tulipewa "Inatosha," na watu waliyapenda mno kwa kuwa unayatumia popote, hata msibani.

Mimi ni fundi cherehani. Mapazia meusi ya Ukumbi wa Taifa, yale mia mbili na arobaini, nimeyashona mimi kwa cherehani ya miguu, na mapindo yake nikayaacha mapana hata mkono unaingia. Nayataja sasa kwa sababu nitayarudia.

Kila mwaka Siku ya Daraja, saa nne asubuhi, mapazia yale hufungwa, ukumbi unakuwa giza, na tunaonyeshwa filamu ya "Asubuhi ya Daraja." Ni filamu ya kale, haina rangi wala sauti. Inaeleza jinsi Mwasisi wa taifa alivyolijenga Daraja Kuu peke yake asubuhi moja, akarudi mezani chai yake bado ya moto. Dakika ya kumi na nne Mwasisi anatokea ameshika mwiko wa kujengea, na hapo wote lazima tusimame na kupiga saluti.

Zamani watu walikuwa wanasimama wakimwona. Lakini wenye macho mabovu walichelewa kumwona, na kuchelewa kumwona Mwasisi ni kosa. Wizara ikatoa waraka: kuanzia leo hakuna kusimama kwa macho, ni kwa kipenga. Mkaguzi wa Saluti anakaa mbele na saa yake. Ikigonga dakika ya kumi na nne kamili, anapuliza. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitazama tena ile filamu. Tunatazama viatu vyetu na kusubiri kipenga.

Isipokuwa mwanangu Tunu. Yeye alitazama.

Tunu ndiye mtoto wangu wa pekee, ana miaka ishirini na mitatu, kazi yake kutoa fotokopi dukani. Jioni akitoka kazini anaandika kwenye ukurasa wake wa intaneti anaouita "Kanda Kuukuu." Huko wanajadili filamu za zamani: nani aliigiza vizuri, nani alikufa vibaya, kwa nini jambazi huwa anavaa kofia. Nikamwona mtoto katulia, nikafurahi. Mjinga mimi.

Wasomaji wake niliwajua kama majirani. Kulikuwa na Babu Betri, mzee aliyekuwa anazunguka vijijini na sinema ya gari. Kulikuwa na Mjomba wa Mbali, anayeishi nchi za baridi na hapendi kitu chochote. Halafu kulikuwa na Raia Mtiifu, kuanzia Namba 1 mpaka Namba 60, walioajiriwa na Wizara na kukaa chumba kimoja. Hao kila ukiandika neno wanajibu kwa pamoja, "Tunaipongeza serikali." Tunu aliwahi kuandika kwamba paka wetu amekufa. Wakaipongeza.

Lakini Raia Mtiifu ni watumishi wa umma, na saa saba mpaka saa nane mchana huwa wanakwenda kula. Basi ubishi wote wa maana katika nchi yetu ukawa unafanyika saa saba mpaka saa nane. Watu wakaacha kula mchana. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba wananchi wamepungua uzito kutokana na furaha.

Siku moja, saa saba na dakika moja, Tunu akaweka kipande cha video alichokirekodi kwenye televisheni. Chini yake akaandika: "Jamani, kabla tu Mwasisi hajatokea, kuna mwanamke anapita na karai la zege kichwani. Anapita sekunde kumi na moja. Kama Mwasisi alijenga peke yake, huyu mama anakwenda wapi na zege?"

Hakutukana mtu. Aliuliza mama anakwenda wapi.

Babu Betri akawa wa kwanza. "Mwanangu, hiyo filamu nimeizungusha miaka kumi na minane. Huyo mama nilikuwa namsubiri kila mara. Ndiye pekee anayeitazama kamera."

"Huyo ni mwigizaji," akaandika Mjomba wa Mbali.

"Mwigizaji gani anabeba karai bila kushika?" Babu Betri akamjibu. "Kaa huko na theluji yako."

Akaingia mama mmoja nisiyemjua. "Bibi yangu alikuwepo. Walikuwa wanawake mia tatu. Walilala pale mtoni miezi saba."

"Uthibitisho uko wapi?" akauliza Mjomba.

"Uthibitisho ni kiuno chake. Hakikunyooka mpaka tunamzika."

Baadaye Mjomba wa Mbali akaandika, "Na mimi shangazi yangu alikuwa na kiuno hicho. Tulidhani ni ugonjwa wa ukoo."

Mpaka saa nane kasoro dakika mbili majibu yalikuwa mia nne.

Jioni Tunu akanijia na simu. "Mama, hebu mtazame huyu."

Nikatazama. Alikuwa mwembamba, karai kichwani, na kwa mkono wa kushoto anafuta jasho usoni, si kwa kiganja, kwa mgongo wa mkono, kutoka kidevuni kwenda juu. Kina mama, mimi hufuta jasho hivyo hivyo. Watu hunicheka. Nilijifunza kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alifariki mimi nikiwa darasa la saba, ndiyo sababu niliishia hapo. Hakuacha picha hata moja. Kwa miaka arobaini sura yake nimekuwa nikiitafuta kichwani na inazidi kufifia, mwisho nilikuwa nimebaki na pua.

"Unamjua?" Tunu akauliza.

"Simjui."

"Mbona umekaa chini?"

"Miguu."

"Mama."

"Nimesema simjui! Na wewe futa hiyo video kabla hujatuletea watu hapa."

Hakufuta. Na watu wakaja.

Walikuja mabwana wawili wenye adabu kabisa, wakavua viatu mlangoni, wakaomba simu wakaifuta ile video. Walileta kadi ya mwaliko yenye maua, kama ya harusi. Ilisema Bi Tunu anaombwa kuwa mgeni wa Wizara ya Maoni, kwa malazi na chakula, "mpaka maoni yake yatakapopoa." Nikauliza yatapoa baada ya muda gani. Mmoja akaniambia, kwa upole sana, kuna mgeni wao mmoja alipewa mwaliko huo akiwa na nywele nyeusi.

Asubuhi nikaenda Wizarani na mkoba wangu wa kazi, maana niliunganisha nikitoka kupima nguo za mteja. Karani akanipa fomu ya kuulizia mgeni. Sehemu ya kwanza inauliza, "Je, una swali?" Ukijibu ndiyo, unaambiwa uende dirisha la pili, ambako nako unakuwa mgeni. Nikajibu hapana.

"Sasa kama huna swali umefuata nini?" karani akaniuliza.

"Nimemfuata mwanangu."

Akaniangalia, akaangalia mlango, akasema taratibu, "Mama, Kamati inakaa sasa hivi, chumba cha mwisho. Mimi sijakuona."

Ilikuwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kuchunguza Yasiyoonekana. Mezani wajumbe kumi na mmoja, katikati yao bati la duara lenye mkanda wa filamu, na Mwenyekiti, Mheshimiwa Kilongola, amesimama anahutubia wenzake kana kwamba wako elfu.

"Ndugu wajumbe! Historia ni nguo ya taifa. Na nguo ikiwa na doa, hatuuliani kwa ajili ya doa, bali doa linaondolewa kwa heshima na taadhima! Mwanamke huyu hayupo. Hajawahi kuwepo. Tatizo ni kwamba anaonekana. Tukimwondoa, swali halina mahali pa kukaa. Swali likikosa mahali pa kukaa, mgeni wetu naye hana sababu ya kukaa. Atarudi kwao!"

Wakapiga makofi. Mjumbe mmoja akainua mkono. "Mheshimiwa, tumwondoe kwa kitu gani?"

Kumbe Wizara haina mkasi. Zabuni ya mkasi ilitangazwa miaka tisa iliyopita, bahasha za waombaji zimejaa kabati, lakini kanuni inasema bahasha za zabuni zifunguliwe kwa mkasi.

Ndipo wakageuka wakaniona. Wakauona mkoba. Nao mkasi wangu, mkubwa wa kukatia suti, umechomoza mpini.

"Mama," akasema Mheshimiwa Kilongola, na sauti ikawa asali, "wewe ni fundi?"

"Fundi, mheshimiwa."

"Basi taifa linakuita."

Kina mama, mimi ni mwoga. Nikimwona askari wa gwaride navuka barabara. Nilisimama pale nikapiga hesabu kama ninavyokata kitambaa kichache: mama yangu ndani ya bati, mwanangu nyuma ya mlango. Nikikataa, watatafuta kisu cha jikoni na watamkata hivyo hivyo, na Tunu atabaki mpaka nywele zibadilike.

"Nikikata, binti yangu anatoka leo?"

"Kabla ya chai!"

Nikauvuta mkanda, nikauinua dirishani penye mwanga. Walikuwa mama zangu mia mbili na sitini na wanne, kila mmoja kwenye picha yake, mdogo kama bawa la mdudu, wamepangana, mkono wa kushoto unapanda kidogo kidogo kutoka kidevuni. Nikakata juu, nikakata chini.

"Mbona unalia, mama?" akauliza Mheshimiwa.

"Moshi, mheshimiwa."

"Lakini bado hatujachoma."

"Mimi huwa nawahi."

Fundi mzuri, kabla hajakata, anatazama kitambaa chote. Nilikuwa nimeona kwamba mwanzoni mwa mkanda kuna kipande kirefu kitupu, hakina picha, ni cha kushikia tu. Nilikikata nacho. Wajumbe walikuwa wanabishana nani awashe kiberiti, kwa sababu kuwasha ni kazi ya ngazi ya mkurugenzi. Kile kitupu nikakiweka kwenye kisahani. Mama yangu nikamviringisha, nikamtia kwenye kopo langu la vifungo.

Walichoma kile kitupu kwa heshima, wamesimama. Nikaandikiwa hati yenye mihuri mitatu: "Inathibitishwa kwamba sekunde kumi na moja ambazo hazikuwepo zimeteketezwa kabisa." Mkanda wakauunga kwa gundi ya bahasha. Tunu akatoka kabla ya chai, kama tulivyoahidiwa. Serikali yetu hiyo sifa naipa.

Tulipofika nyumbani Tunu akaniuliza, "Umemkata wewe?"

"Nimemkata mimi."

"Watu walimtambua, Mama! Kuna watu walikuwa wanawatafuta bibi zao kupitia kwake. Ulijua unamkata nani?"

Nikafunga mlango. Nikamwaga kopo la vifungo mezani.

"Ni bibi yako," nikasema. "Mwamvita binti Chande."

Alitazama mezani, akanitazama mimi. "Ulisema humjui."

"Nilisema."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifuta jasho tu, kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kutoka kidevuni kwenda juu, na mimi sijawahi kumfundisha.

Basi ikafika Siku ya Daraja. Mapazia yakafungwa, mabalozi wakakaa mbele, filamu ikaanza. Kama nilivyowaambia, watu hawatazami, wanasubiri kipenga. Na kipenga kinafuata saa ya Mkaguzi, na saa ya Mkaguzi hakuna aliyeiambia kwamba filamu imefupishwa.

Mwasisi akatokea mapema, na mwiko wake, na suti yake isiyo na vumbi. Ukumbi mzima umekaa, unatazama viatu. Akazunguka, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakuna aliyesimama. Sekunde kumi na moja baadaye Mkaguzi akapuliza, watu elfu sita wakaruka wima, saluti hadi kwenye nyusi, na mbele yao kwenye kitambaa cha filamu alikuwepo punda, anavuta pipa la maji.

Alisimama kututazama. Punda wale wa zamani walikuwa na utulivu. Akajisaidia, akaenda zake.

Wizara ikawa na njia mbili. Ya kwanza, ikiri kwamba filamu imekatwa, lakini kilichokatwa hakikuwepo na hati ipo. Njia ya pili ilitangazwa redioni saa sita mchana: taifa lilimsalimu Punda kwa makusudi, kama Shujaa Msaidizi wa Daraja. Akapewa nishani ya daraja la pili. Raia Mtiifu Namba 1 mpaka 60 wakaandika kwa pamoja, "Tunampongeza punda." Babu Betri akajibu chini yake, "Angalau huyu alifanya kazi kweli."

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Kilongola akaja kwangu mwenyewe, bila dereva.

"Mama, hujambo. Zile sekunde..."

"Sekunde zipi, mheshimiwa? Zilizochomwa au zisizokuwepo?"

"Zote."

"Mnazitaka za nini?"

"Saluti imekaa vibaya. Mwakani tukimsalimu punda tena, mabalozi wataanza kumwandikia barua." Akavuta kiti. "Wewe ni mama. Unajua mambo ya kushona. Huwa mnabakiza vipande."

Nikaingia ndani, nikamletea ile hati yenye mihuri mitatu. Akaisoma, akaona saini yake, akainuka. Wakati anatoka nikamwambia, "Akirudishwa arudishwe na jina lake, liandikwe chini yake kwa herufi kubwa. Na wenzake wote. Mkikubali, labda nitaota kilipo."

"Hilo haliwezekani."

"Basi mpongezeni punda."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilipofunga mlango nilibaki nimeushikilia mpaka ugali ukaungua.

Wakatafuta njia yao. Siku ya Daraja iliyofuata, mahali pa mama yangu waliunganisha mkanda mweusi wa sekunde kumi na moja, ili Mwasisi arudi kwenye dakika yake. Habari tulizipata mapema, maana fundi wa mitambo wa Ukumbi ni msomaji wa "Kanda Kuukuu." Saa saba na dakika tano mchana Tunu aliandika mstari mmoja tu: "Mwaka huu watatuwekea giza pale alipopita yule mama. Mimi nitalitazama."

Nilimwomba asiende. Nilimfichia viatu. Akavaa vyangu. Nikaona mtoto anakwenda na viatu vyangu na mimi nabaki pekupeku kama mwizi, nikamfuata na kandambili.

Filamu ikaanza. Safari hii hakuna aliyetazama viatu. Nilisikia watu wanavyopumua. Halafu kitambaa kikawa cheusi, na mapazia yangu nimeyashona vizuri, hapaingii hata uzi wa mwanga. Giza la kweli. Usingeona mkono wako, wala Mkaguzi asingekuona wewe.

Tunu akanishika kiganja. Na mimi mwoga, niliyesema simjui, nikasikia sauti yangu inatoka kama ya muuza samaki.

"Mwamvita binti Chande!"

Kule nyuma, "Binti Nasoro Makwaya!" Kushoto, "Shangazi Tausi wa Ng'ambo ya Mto!" Kisha hapo hapo yakaja majina kumi, hamsini, yanagongana, wanaume wazima wanaita bibi zao kama watoto waliopotea sokoni. Nikasikia viti vinapiga kelele.

Kipenga kikalia. Mwasisi akatokea na mwiko. Mwanga wake ukatuangukia, na Mkaguzi akageuka kuhakikisha tunasimama.

Tulikuwa tumekwisha simama. Tena mikono tumeteremsha.

Kamati imeundwa, ndiyo. Watu elfu sita tumepewa fomu yenye swali moja, "Wakati wa giza, uliona nini?" Nasikia tumejibu sawa bila kuambiana: "Nilimwona mama anapita." Wizara imepata shida, maana kwa mara ya kwanza nchi nzima ina maoni mamoja na hawakuyagawa wao. Mjomba wa Mbali ameandika kwamba anarudi nyumbani kujaza fomu yake. Tunu ukurasa wake umefungwa mara tatu, na mara tatu ameufungua kwa jina jingine. Sasa unaitwa "Kopo la Vifungo," naomba msimwambie mtu.

Kwa hiyo kina mama, onyo langu ni lile lile. Mtoto akianza kutazama filamu za zamani, atauliza. Akiuliza, ipo siku utakayoulizwa wewe. Jiandae, usije ukasema humjui, neno lile halitoki mdomoni hata kwa ndimu.

Na ninyi wa Wizara mnaosoma hapa, najua mnasoma, saa nane imeshapita na mmerudi kutoka kula. Mlikuja mkapekua nyumba yangu. Kopo mmelichukua, mmekuta vifungo. Godoro mmelichana kwa meno. Sisemi alipo mama yangu. Nasema tu kwamba Ukumbi wa Taifa una mapazia mia mbili na arobaini, na kila pazia lina pindo la kuingia mkono, nami ndiye niliyeitwa kuyashona upya msimu huu kabla ya sherehe. Mkitaka kuyafumua yote, yafumueni. Mtahitaji mkasi, na mkasi ninao mimi.